Mashimo Arobaini na Moja

Kufika saa nne asubuhi walikuwa wameshahesabu mashimo arobaini na moja, na Afande Doyle Penland hakuwa ametamka kitu zaidi ya namba. Anapiga magoti, anapima kwa rula, anapiga picha, anasema "ishirini na tisa," halafu anajikokota hadi shimo linalofuata. Nyuma yake Marlee Rathbone alishika daftari akiandika. Ilikuwa wiki yake ya tisa ya fildi, mafunzo ya vitendo katika hifadhi, na ndiyo mara ya kwanza kuruhusiwa kufuatana na mpelelezi kwenye kazi yenyewe. Wiki nane za mwanzo kazi yake ilikuwa kuwaelekeza watalii vyoo viliko.

Aliyechimba alikuwa anatafuta jinseng. Mmea wenyewe mfupi, unakaa kivulini, ukiupita bila kuujua hutaujali. Lakini mzizi wake ni dawa, na ukikauka ni dola mia sita kwa ratili, na watu wa milima hii wameuchimba tangu babu zao. Nje ya hifadhi, msimu ukifunguliwa Septemba, ruksa. Ndani ya hifadhi ni wizi, na siku hiyo bado ilikuwa Agosti.

"Haya, niambie unaona nini," Penland alisema, akijifuta magoti.

"Mashimo yamefukiwa, afande."

"Ehe."

"Na majani yamerudishwa juu. Na hapa..." Marlee aliinama, akafukua majani kwa ncha ya kalamu.

Chini ya majani palikuwa na jiwe jeupe la mtoni, ukubwa wa yai la kuku. Penland akaliinua kwa mkono wenye glovu. Chini ya jiwe, kina cha pingili moja ya kidole, zilikuwepo mbegu tatu nyekundu. Wakaenda shimo la pili: jiwe, mbegu tatu. La tatu vilevile.

Penland alitoka nchi ya tambarare, kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Miaka kumi na miwili aliyokaa milimani ilimfundisha mengi, ila si yote. Alilitazama lile jiwe kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Mwizi wa kawaida hafukii, Rathbone. Anang'oa, anakimbia. Huyu ameweka alama. Mawe haya yametoka mtoni, kayapandisha mlima mzima. Kwa nini? Ili wenzake wajue wapi pameshachimbwa. Andika hivyo. Ni genge."

Marlee akaandika: *genge*. Herufi zilinyooka vizuri tu. Alikuwa na miaka sita alipofundishwa, kwenye kichaka nyuma ya nyumba yao, na mtu aliyevaa aproni ya maua: unachimba mzizi, unarudisha mbegu, unarudisha udongo, unaweka jiwe ili kindi asizifukue, na liwe jeupe ili mwakani usije ukapakanyaga. Katika wilaya nzima alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akijisumbua kiasi hicho.

"Na hii hapa," Penland alisema, sasa amechangamka kabisa. Pembeni ya kila shimo udongo ulikuwa na alama ya duara, ndogo, iliyozama. "Unajua ni nini? Mtutu. Anaegemea bunduki akiinuka. Tuna mtu mwenye silaha."

Ilikuwa alama ya mpira wa chini ya fimbo ya kutembelea. Marlee mwenyewe ndiye aliyeinunua duka la dawa, dola kumi na nne, Krismasi iliyopita.

Penland akakoroga plasta ya jasi, akamimina kwenye alama, akakaa kusubiri ikauke. Huku akimumunya peremende alieleza mpango wake. Jumapili ilikuwa siku ya makaburi ya Bonde la Ledford, bonde hili hili walilokuwamo, siku moja katika mwaka ambayo hifadhi huwaruhusu watu waliohamishwa bondeni ilipoanzishwa kurudi, wakafyeka makaburi ya wazee wao, wakaweka maua na kula pamoja. Katika msongamano ule mwizi angejichanganya arudi kukagua alama zake. Basi kamera mbili zingetegwa mtini, na askari wawili wenye silaha wangeazimwa kutoka kituo cha kaskazini.

"Yeyote atakayeinama kwenye mawe haya Jumapili, tunamlaza chini kwanza. Maswali baadaye."

"Akiwa mzee je, afande?"

"Mwenye bunduki hana umri," alisema Penland, akagonga plasta kwa ukucha.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mchana walikwenda kwa Hobart Teague, muuza vyakula vya mifugo, ambaye msimu ukifika ndiye anayenunua jinseng ya wilaya nzima. Kwenye benchi dukani walikuwa wamekaa wanaume watatu bila cha kununua. Marlee alipoingia na shati la kijivu na kofia, mmoja akasimama na kupiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Jamani tunyooke, serikali imeingia."

"Mwache," alisema wa pili. "Mtoto wa Odell huyo. Analinda majani yasitoroke."

Wakacheka. Penland hakuwajali. Alimuuliza Teague kama kuna mtu aliyeleta mizizi kabla ya msimu, au aliyeulizia bei. Teague alikuwa akimimina mahindi ya kuku kwenye mifuko na hakuacha kumimina.

"Sinunui kabla ya tarehe mosi, unalijua hilo. Leseni yangu ndiyo chakula changu."

"Na kuulizia?"

"Kuulizia watu wanaulizia. Bei si siri." Ndipo akamtazama Marlee, tena si kwa ubaya. "Wewe binti, ungetaka kujifunza jinseng usingemfuata huyu afande wako wa kwenye mahindi. Ungekaa nyumbani na bibi yako. Vesta akikushikia mzizi anakwambia umri wake bila kuvaa miwani."

Marlee alihisi masikio yanawaka. Penland akafunga daftari lake taratibu, na walipofika kwenye gari akasema tu, "Bibi yako anachimba?"

"Kila mtu huku anachimba, afande. Wakati wa msimu."

Jibu halikuwa uongo, wala halikuwa ukweli wote, naye alibaki akilirudia kichwani mpaka jioni.

Nyumbani kulikuwa na maharage, mkate wa mahindi na mtindi. Baba yake, Odell, alikuwa amekaa mahali pake palepale tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa, na pembeni ya sahani yake kulikuwa na barua ya hifadhi aliyoigeuza chini juu. Hifadhi ilikuwa inatafuta mtu wa kusafisha vyoo vya kambi ya watalii. Marlee ndiye aliyemletea barua hiyo pamoja na fomu wiki tatu nyuma. Odell, aliyesimamia mashine ya tani sabini kwa miaka kumi na tisa, hakuijaza wala hakuitupa.

Bibi Vesta aliomba baraka ya chakula, fupi, kwa sababu alikuwa na njaa. Miaka sabini na tisa, mwembamba, mikono imemzidi mwili. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa kwenye jiko, na mpira wake wa chini ulikuwa na udongo mweusi.

"Leo umeshinda wapi, mama?" alimuuliza mjukuu wake. Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa sababu walifanana.

"Bonde la Ledford."

Kijiko cha bibi kikasimama, kisha kikaendelea. "Makaburi yameota majani sana?"

"Sikufika makaburini. Nilikuwa nahesabu mashimo."

Odell aliinua kichwa. Halafu Marlee akasukuma kiti, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka hadi kwenye kile kibanda cha mawe kilichojengwa juu ya chemchemi, ambamo zamani waliwekea maziwa yasiharibike. Nyuma ya mitungi ya achari, ndani ya maji ya baridi, palikuwa na ndoo imefunikwa gunia bichi. Akafunua. Mizizi ilikuwa imelazwa juu ya udongo wa msituni, mmoja mmoja, hakuna uliokatika. Hakuwa na haja ya kuihesabu.

Alipogeuka, bibi yake alikuwa mlangoni ameshika fimbo, na nyuma yake Odell.

"Mama," Odell alimwambia mama yake. "Mama, umefanya nini?"

"Nimechimba changu. Ile jinseng kaipanda baba yangu. Nilizaliwa pale, hatua thelathini kutoka ule mteremko. Serikali ilipomtoa, walimlipa nyumba na zizi. Jinseng hawakumlipa, kwa sababu hawakuiona. Walipita juu yake na buti zao."

"Bibi, sheria..."

"Sheria naijua, mtoto wangu. Sikusema siijui. Ndiyo maana nilikwenda alfajiri."

"Kwa nini sasa? Miaka yote umeiacha."

Bibi Vesta akautazama mpira wa fimbo yake. Odell ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ada," alisema. "Ni kianzio cha ada ya chuo chako."

Chuo cha askari wa hifadhi kilikuwa wiki kumi na sita, dola elfu nne na ushee, za kujilipia mwenyewe. Kabla ya kumaliza fildi Marlee alitakiwa apeleke fomu, na kila walipoulizana jioni mezani Odell alikuwa akisema "tutaona."

Marlee alikaa chini kwenye jiwe lenye unyevu na suruali yake ya sare. Alitaka kulia na alitaka kupiga kelele, na kilichotoka ni kicheko kibaya. "Bibi, umeiba hifadhini ili mimi niwe askari wa hifadhi?"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Wamechukua plasta ya fimbo yako. Wanasema ni bunduki. Wanasema wewe ni genge."

"Genge!" Bibi Vesta alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukatetemeka kutaka kucheka. "Na magoti haya?"

"Jumapili watakulaza chini. Mbele ya makaburi, mbele ya watu wote. Wana askari wawili na kamera. Na wewe lazima utakwenda kuyaangalia yale mawe, nakujua."

Bibi hakubisha. Angekwenda, kweli.

"Nyamaza basi," Odell alisema ghafla. "Marlee, nyamaza. Mama Jumapili atasema anaumwa. Ndoo nitaitupa mtoni. Wiki tatu zimekubakia, unamaliza, unaondoka. Nani atajua?"

"Mimi, Baba. Kila siku nikivaa hili shati." Alisimama. "Kesho saa mbili nitamwambia Penland. Nawaambia leo ili nisiwe nimewazunguka. Huenda wakanifukuza. Sijui. Bibi, nisamehe."

Bibi Vesta akaingia kibandani akachukua ndoo, akalirudisha gunia vizuri na kulipapasa.

"Usitupe kitu mtoni," alimwambia mwanawe. "Hii bado hai."

Saa mbili kasoro Marlee alikuwa mbele ya meza ya Penland, amesimama. Kofia alikuwa ameshaivua na kuiweka mezani, akijua huenda asiichukue tena. Juu ya meza ile ile kulikuwa na plasta ya mtutu, imeandikwa namba.

Alimwambia yote: mawe, kindi, fimbo ya duka la dawa. Hakuiacha ada. Penland hakumkatiza. Peremende ilikuwa imetulia shavuni.

"Jana saa nne ulijua?"

"Nilipoliona jiwe."

"Na ukaandika genge."

"Ndiyo, afande."

"Nami nikakuamini na daftari." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulimuumiza Marlee kuliko kufokewa. "Saa ishirini na mbili, Rathbone. Nitaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Saa ishirini na mbili alinyamaza. Na nitaandika kwamba hakuna aliyemsukuma kusema." Akaichukua plasta, akaigeuza, akaichungulia. "Mpira wa fimbo. Mungu wangu. Na wale wa kaskazini nimewaambia waje na bunduki ndefu."

Ndipo pikapu ya Odell ikaingia uwanjani kwa kelele za ekzosi. Bibi Vesta alishuka upande wa pili akiwa na gauni la kanisani na kofia yenye ua, ndoo ameipakata tumboni. Odell alitaka kumpokea, akamkatalia. Akapanda ngazi tatu za ofisi, moja moja.

"Wewe ndiye Penland?"

"Ndiye, mama."

"Nimekuletea genge lako." Akaweka ndoo mezani. "Arobaini na moja. Mjukuu wangu alikuwa hajui. Uandike hilo kwanza, kabla hujaandika jina langu."

Wakamchukua maelezo. Walipofika kwenye alama za vidole, ile mashine ilikataa. Mhudumu akajaribu dole gumba, kidole cha shahada, mkono wa pili. Kioo kikaandika *haisomeki*. Vidole vya Bibi Vesta vilikuwa vimesagika kwa jembe, sabuni na miaka thelathini ya kukunja mashuka ya hoteli za watalii. Mhudumu akamwambia abonyeze zaidi, akabonyeza. Tena. Mara ya saba machozi yakaanza kumlenga, si ya kuogopa, ni ya aibu, kwamba hata kukamatwa anashindwa kukamatwa vizuri.

Marlee alikuwa amezuiwa kumgusa. Tangu saa mbili hakuwa tena kwenye kesi hiyo. Alisimama ukutani amekumbatia mikono. Penland ndiye aliyevuta droo yake, akatoa losheni, akakaa mbele ya bibi na kumpaka kidole kimoja kimoja, akisubiri ngozi ilainike. Huku akipaka, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini mbegu tatu? Kwa nini si moja?"

"Moja ya kindi," Bibi Vesta alisema, akivuta kamasi. "Moja ya baridi. Moja ya kuota."

Penland aliacha kupaka. Akaomba arudie, akaandika.

Hakimu alikuwa mtu wa haraka. Alisoma ripoti, akatazama kofia yenye ua, akauliza kama mizizi bado iko hai. Bwana mimea wa hifadhi akasimama akasema iko hai yote, hajawahi kupokea kidhibiti kilichotunzwa namna ile. Faini dola mia mbili, na saa sitini za kuirudisha mizizi ardhini, chini ya usimamizi wa hifadhi.

Kuhusu Marlee, wakubwa walikaa vikao viwili. Mmoja alitaka aondoke siku hiyo hiyo. Mwishowe wakaamua amalize fildi yake getini, mbali na upelelezi wowote, na barua ya onyo iingie kwenye faili lake. Getini ndiko aliko mwanzoni mwa Oktoba, ameongezewa wiki chache za kibarua, anakagua mifuko ya wanaotoka Bonde la Ledford. Wale wanaume wa benchi la Teague walipita siku moja wakitoka kuvua, na mikebe ya samaki, na yule wa saluti akapiga tena saluti, safari hii kwa mkono wa kulia.

Fomu ya chuo imekwenda, ya muhula wa Januari. Penland alijaza sehemu ya mdhamini kwa mwandiko wake mbaya, na kwenye swali la udhaifu wa mwombaji akaandika: *saa ishirini na mbili*. Nguvu zake aliziandika kwenye karatasi ya ziada. Odell naye aliigeuza ile barua, akaijaza fomu yake. Kila asubuhi sasa anapita getini na ovaroli ya kijani, ndoo na brashi nyuma ya pikapu, anapunguza mwendo na kusema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Afande, vyoo viko upande gani?" Marlee anamnyooshea kidole kwa ukali wa kazi, na wote wawili wanajizuia. Mshahara wa kwanza ulikwenda chuoni wote, na wa pili utakwenda.

Siku ya mwisho ya zile saa sitini, jua limeegemea magharibi, Bibi Vesta alishuka kutoka bondeni na Penland na bwana mimea. Huyo bwana mimea, mwenye shahada mbili, alikuwa na udongo hadi masikioni na bado anajitetea.

"Nilisema tu sentimita tatu, Bibi."

"Na mimi nikakwambia pingili. Kidole unacho, rula ya nini?"

Penland alimweleza Marlee kwamba mizizi yote imeingia, na kwamba wamekubaliana jambo moja. Mawe meupe hayawekwi tena. Mwizi wa kweli akijua maana yake atayafuata kama njia. Bibi ameyarudisha mtoni mwenyewe. Sehemu anazikumbuka kwa kichwa, na kichwa chake hakisomwi na mtu.

"Haya, Bibi, gari liko hapo, Odell anakusubiri," Penland alisema.

Bibi Vesta hakwenda garini. Alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, akavua mkoba begani, akauweka mbele ya mjukuu wake.

"Hakuna haja, mama," Penland alisema. "Nilikuwa naye siku nzima."

"Nani amekuuliza wewe? Wengine wote hapa wanakaguliwa." Akamtazama Marlee, kidevu juu. "Fanya kazi yako, mama. Usiruke hata mfuko mmoja."

Nyuma yao watalii wanne walikuwa wamepanga foleni, wanatazama. Marlee akavaa glovu. Akafungua mkoba: mkate wa mahindi nusu, chupa ya maji, miwani asiyoivaa, kitambaa. Akageuza mifuko ya pembeni, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwomba afungue aproni, na Bibi Vesta akaifungua kwa heshima kubwa, kama anayefungua kitabu cha kanisani. Kwenye mfuko wa aproni mkono wa Marlee ukakuta kitu cha baridi, akakitoa. Jiwe jeupe la mtoni, ukubwa wa yai.

"Hifadhini hakitolewi kitu, Bibi," alisema, na sauti yake haikutikisika. "Hata jiwe."

Uso wote wa Bibi Vesta ulikunjamana kwa furaha.

"Ndiyo hivyo," alimwambia Penland. "Umeona? Ndiyo hivyo inavyotakiwa."

Akalichukua jiwe kutoka kiganjani mwa mjukuu wake, akajigeuza na fimbo yake, na akaanza kupanda tena njia ya bondeni kulirudisha.